Risasi Iliyoingia Kwenye Mkondo wa Damu: Kuiacha, Kuivuta kwa Katheta au Kupasua Kifua

Jamaa wa mtu aliyepigwa risasi wafikapo hospitalini huwa na swali moja, nalo ni kwamba risasi itatolewa lini. Mara nyingi jibu la daktari huwashangaza, kwa kuwa risasi iliyotulia ndani ya msuli kwa kawaida huachwa papo hapo ilipo, mwili ukaizungushia kovu gumu, na mgonjwa akaishi nayo miaka mingi bila taabu. Ipo hata hivyo hali moja adimu inayoupindua utaratibu huo. Risasi, punje ya marisau au kipande cha chuma kutoka kwenye mlipuko huweza kupenya ukuta wa mshipa wa damu kikiwa kimekwisha nguvu, kikashindwa kutoboa ukuta wa pili, na kuchukuliwa na damu hadi mahali pasipo na jeraha lolote. Ndiyo maana mtu aliyepigwa kifuani huweza kukutwa na risasi nyuma ya goti, na aliyepigwa pajani akakutwa nayo ndani ya moyo.

Hapo jamaa huitwa waweke sahihi kwenye fomu ya idhini, na mara nyingine huwekewa mbele yao njia mbili au tatu ambazo hawajawahi kuzisikia. Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili ya saa hiyo, hasa kwa aliye Nairobi, ambako karibu kila njia inapatikana lakini si katika kila hospitali. Hoja yangu ni kwamba ukubwa wa risasi, au hofu ya kukaa na chuma mwilini, si jambo la kuanzia. La kuanzia ni kujua risasi iko upande gani wa mzunguko wa damu, na kama bado inatembea au imekwama. Mtu akipata majibu ya maswali hayo mawili, sehemu kubwa ya uamuzi huwa imekwisha kufanyika.

Kujua kwamba risasi imesafiri

Hali hii ni nadra kiasi kwamba daktari anaweza kufanya kazi hadi kustaafu bila kukutana nayo. Katika sajili ya majeraha ya mishipa ya wanajeshi wa Marekani katika vita vya Vietnam, visa 22 tu vilipatikana kati ya majeraha yapatayo 7,500, yaani asilimia 0.3. Baadaye, kati ya majeruhi 346 wenye majeraha ya mishipa kutoka vita vya Iraq na Afghanistan, waliokutwa na hali hii walikuwa 4, ambao ni zaidi kidogo ya asilimia 1. Maelezo ya awali kabisa yalitolewa na daktari Mwingereza, Thomas Davis, mwaka 1834, na katika kisa chake kilichosafiri hakikuwa hata risasi bali kipande cha mti kilichomwingia mvulana kutoka kwenye bunduki na kuishia katika ventrikali ya kulia, yaani chumba cha chini cha moyo upande wa kulia.

Sababu ya uhaba huo ni nguvu. Risasi ya bunduki kubwa ya kijeshi, ikipigwa kwa karibu, huwa na kasi inayoipitisha mwilini moja kwa moja, na mshipa ikiugusa huuchana. Ili isafiri ndani ya mshipa, ni lazima risasi iwe imechoka barabara inapoufikia, na iwe nyembamba kuliko njia yenyewe. Kwa hiyo wanaokutwa na hali hii aghalabu ni waliopigwa kwa bastola, kwa bunduki ndogo ya .22, ambayo risasi yake ina upana wa milimita 5.6, au kwa marisau. Aota, yaani mshipa mkuu unaotoa damu moyoni, inapopita tumboni mwa mtu mzima ina upana wa sentimita 2 hivi, basi hata risasi ya bastola ya milimita 9 hupata nafasi ya kuteremka humo bila kizuizi.

Ipo hesabu moja nyepesi ambayo hata ndugu wa mgonjwa anaweza kumwomba daktari waifanye pamoja. Hesabuni matundu yote ya risasi mwilini, ya kuingilia na ya kutokea, kisha mjumlishe na risasi zote zinazoonekana kwenye eksirei. Jumla inapaswa kuwa shufwa, kwa kuwa kila risasi iliyoingia ama imetoka kwa tundu lake, ama ingali ndani. Ikiwa jumla ni witiri, kuna risasi ambayo haijapatikana. Hesabu hii huharibika risasi inapovunjika vipande, na kwa marisau haifai kabisa, lakini kwa jeraha la risasi moja au mbili ni kipimo kizuri kuliko kinavyoonekana. Tundu moja la kifuani lisilo na la kutokea, pamoja na picha ya kifua na ya tumbo isiyoonyesha kitu, ni sababu tosha ya kupiga picha ya mwili mzima kuanzia fuvu hadi miguuni.

Dalili nyingine ni risasi kuonekana mahali ambapo mstari wa kuingilia haungeweza kuifikisha, au kuonekana mahali pamoja asubuhi na mahali pengine jioni. Risasi iliyo ndani ya moyo pia huweza kutoka kwenye eksirei ikiwa na kingo zenye ukungu, kwa sababu ilikuwa ikirushwarushwa na mapigo wakati picha inapigwa. Msomaji wa picha asiye na habari hii hudhani mgonjwa alitikisika.

Ateri na vena: upande ndio unaoamua

Vena ni mishipa inayorudisha damu moyoni, nazo hukusanyika kama Mto Ngong na Mto Mathare inavyoingia katika Mto Nairobi na huo nao kuingia Athi: kadiri unavyosonga mbele, ndivyo njia inavyopanuka. Risasi iliyoingia katika vena ya paja au ya tumbo haina cha kuikwamisha njiani. Hupanda na damu hadi upande wa kulia wa moyo, na ikipigwa kumbo na ventrikali huingia katika ateri ya mapafu, ambako njia huanza kugawanyika na kuwa nyembamba, na hatimaye ikakwama humo. Katika ateri za mwili, yaani mishipa inayopeleka damu kutoka moyoni, mambo ni kinyume. Damu hutoka moyoni katika aota pana na kugawanywa katika matawi yanayozidi kuwa membamba, hivyo kila risasi iliyoingia upande huo lazima ifike mahali izibe tawi, na kiungo kinacholishwa na tawi hilo kikose damu.

Hiyo ndiyo sababu pande hizi mbili hazitibiwi kwa mizani moja. Visa vya ateri ndivyo vingi, takriban robo tatu au zaidi ya vyote vilivyoripotiwa, na wagonjwa kama 80 katika kila 100 wa upande huo huonyesha dalili. Mguu huwa wa baridi, hupauka, huuma sana, kisha huanza kufa ganzi, na mpigo wa damu kifundoni haupatikani. Miguu ndiyo huathirika zaidi, na wa kushoto kuliko wa kulia, kwa kuwa tawi la aota linalokwenda kushoto halijipindi sana kama la kulia. Risasi ikipanda shingoni badala ya kushuka, huweza kusababisha kiharusi. Kwa upande wa vena, wenye dalili ni kama theluthi moja tu. Wengine wote hawahisi lolote, na risasi hugunduliwa kwa sababu mtu fulani aliitafuta.

Kwa risasi ya ateri, basi, hakuna la kulinganisha sana: inatolewa, na inatolewa upesi. Msuli wa mguu usiopata damu huanza kuharibika kwa namna isiyorudika baada ya saa 6 hivi, na saa hizo huhesabiwa tangu mshipa ulipozibwa, si tangu mgonjwa alipofikishwa mapokezi. Daktari wa upasuaji hupasua juu ya mahali risasi ilipo, huufungua mshipa, huitoa, kisha hupitisha katheta, yaani mrija mwembamba wa kuingizwa ndani ya mshipa, yenye kiputo ili kuvuta damu iliyoganda mbele na nyuma yake. Chombo hicho kilibuniwa na Thomas Fogarty wa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1960, nacho ni kizuri mno kwa mabonge ya damu, lakini kuvutia risasi yenyewe yenye kingo zilizochongoka ni kuualika ukuta wa ndani wa mshipa uchanike. Mguu uliokaa muda mrefu bila damu huenda pia ukahitaji kupasuliwa utando unaofunika misuli ili uvimbe upate nafasi. Jamaa huogopa wanapoona majeraha hayo marefu yameachwa wazi, ingawa hayo ndiyo mara nyingi huuokoa mguu.

Ziko njia mbili zinazovunja kanuni hii ya pande, na inafaa mgonjwa azijue kwa sababu zitaathiri uamuzi utakaofuata. Ya kwanza ni kwamba risasi ni nzito, na ndani ya vena, ambamo damu haiendi kwa msukumo mkubwa, uzito huo huweza kuishusha kinyume cha mkondo. Kiasi cha visa 15 katika kila 100 vya vena huwa vya namna hiyo, risasi ikiteremka hadi vena za nyonga au kuingia ini badala ya kupanda moyoni. Ya pili ni hatari zaidi. Takriban mtu mzima 1 kati ya 4 ana upenyo mdogo baina ya vyumba vya juu vya moyo, uliosalia tangu alipokuwa tumboni mwa mama yake, na wengi hawaujui maishani mwao mwote. Kipande kidogo kilichokuja kwa vena huweza kupita hapo na kuingia upande wa ateri, na mtu aliyekuwa hana dalili yoyote akapata kiharusi.

Risasi ya vena: kuiacha na kuitoa

Hapa ndipo penye uamuzi wa kweli, na ndipo madaktari wenyewe hawajakubaliana kwa kila jambo. Anayependelea kuiacha ana hoja nzito. Punje moja ya marisau iliyokwama katika tawi dogo la ateri ya pafu, kwa mtu anayepumua vizuri na asiyekohoa damu, huenda isimletee madhara kamwe, ilhali kuifuata huko ndani ni kumtia katika hatari ambayo hakuwa nayo. Vivyo hivyo kipande kidogo laini kilichozama ndani ya msuli wa moyo, kikafunikwa na kovu, hakina njia rahisi ya kutoka. Katika hali kama hizo, anayeng'ang'ania kutoa anaitibu picha na kumsahau mgonjwa.

Anayependelea kuitoa naye anatazama yanayoweza kutokea baadaye. Risasi inayocheza ndani ya ventrikali ya kulia hugonga valvu, yaani vilango vya moyo, huvuruga mapigo ya moyo, hukusanya damu iliyoganda juu yake, na siku yoyote huweza kurushwa mapafuni. Ikiwa ilipita kwenye utumbo kabla ya kuingia mshipani, imebeba uchafu, na uchafu ndani ya moyo ni mwanzo wa ugonjwa mbaya wa valvu. Wapo wanaoamini kwamba joto la bunduki huua vijidudu vyote vya risasi. Si kweli, na tena risasi huingia na nyuzi za nguo pamoja na uchafu wa ngozi. Iliyo katika ateri ya mapafu nayo huweza kuua sehemu ya pafu, kufanya jipu, au kuudhoofisha ukuta wa mshipa hadi mgonjwa akakohoa damu.

Mizani inayotumiwa na wengi ni hii: kama kuna dalili zinazotokana na risasi, itolewe, kama inaelea na kusogea, itolewe, kama ni kubwa kuliko milimita 5, au imechongoka, au inadhaniwa kuwa chafu, kuitoa kuna nguvu zaidi, kama ni ndogo, laini, imeshikwa na tishu na mgonjwa hana dalili, iachwe na ifuatiliwe. Upenyo baina ya vyumba vya moyo ukionekana kwenye altrasaundi, mizani huelekea upande wa kutoa hata kwa kipande kidogo. Katika vigezo vyote hivyo, kusogea ndiko ningekuweka mbele. Punje iliyotulia kwa miezi haitishi kama risasi ambayo picha mbili za siku moja zimeionyesha mahali pawili tofauti.

Jambo ambalo halisemwi vya kutosha ni kwamba kuiacha risasi nako ni matibabu, tena yenye gharama zake. Mgonjwa atahitaji eksirei na altrasaundi ya moyo kwa vipindi, na lazima arudi haraka akipata homa isiyoeleweka, maumivu ya kifua, pumzi fupi au makohozi yenye damu. Kuhusu dawa za kuzuia damu kuganda, hakuna kanuni moja, kwa sababu mtu mwenye majeraha mabichi huweza kuvuja damu kwa dawa zile zile zinazokusudiwa kumlinda. Sasa fikiria kijana anayeishi Kayole au Mathare kwa kazi za vibarua, ambaye akitoka hospitalini atakwenda kupona kwao mashambani, akabadilisha namba ya simu, na kurudi Nairobi baada ya mavuno. Kwenye karatasi atakuwa ameandikiwa ufuatiliaji. Kwa kweli hatafuatiliwa. Kwa mtu wa namna hiyo, ikiwa vigezo vinakaribiana, naona ni haki daktari aegemee upande wa kuitoa akiwa bado yupo kitandani, na ni haki jamaa waseme wazi kwamba kurudi kliniki kutakuwa shida.

Hofu ya sumu ya madini ya risasi, ambayo huletwa sana katika mazungumzo haya, sikuipa uzito mkubwa. Madini hayo huyeyuka hasa yakikaa ndani ya maji ya viungo, kwa mfano kwenye goti au nyonga, na hapo ni kweli kwamba huweza kumtia mtu sumu polepole kwa miaka. Kwa risasi iliyofunikwa na kovu kwingineko, jambo hilo si la kawaida, na kipimo cha damu kinatosha kumtoa mtu wasiwasi. Hofu ya namna nyingine, ya mtu kushindwa kulala kwa kujua kuna chuma moyoni mwake, siidharau. Lakini aambiwe kwa uaminifu kwamba anaipima na hatari ya upasuaji.

Katheta na upasuaji wa wazi

Ikiamuliwa kutolewa, swali linalofuata ni kwa njia gani. Katika njia ya katheta, daktari hutoboa vena ya kinena au ya shingo, hupitisha mrija hadi moyoni au mapafuni huku akitazama kwenye skrini ya eksirei inayoonyesha picha wakati huo huo, kisha huinasa risasi kwa kitanzi cha waya au kwa kikapu kidogo kinachofunguka na kufunga. Haipasuliwi mifupa, mara nyingi nusukaputi nzito haihitajiki, na mgonjwa huweza kuwa wodini akizungumza siku hiyo hiyo. Ajabu ni kwamba sehemu ngumu huwa ni ya mwisho, kwani risasi ya milimita 9 haiingii katika mirija ya kawaida. Basi huvutwa hadi vena ya paja, na hapo hupasuliwa kidogo ili itolewe kwa mkono.

Katheta ina hatari zake. Risasi laini huteleza kwenye kitanzi, na ikiteleza njiani inaweza kurudi moyoni au kwenda mbali zaidi mapafuni. Waya ukigusa kuta za ventrikali huvuruga mapigo. Kipande kilichochongoka kikivutwa kupitia valvu huweza kuichana. Na mara chache moyo wenyewe hutobolewa. Kwa sababu hiyo katheta hufaa zaidi risasi iliyo huru ndani ya mshipa au chumba cha moyo, iliyo laini, na kwa mgonjwa ambaye hali yake imetulia. Iliyozama katika msuli wa moyo, au iliyokaa siku nyingi hadi ikashikwa na kovu, haifai kuvutwa kwa waya.

Upasuaji wa wazi hupasua mfupa wa kifua, na mara nyingi huhitaji mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu wakati moyo umesimamishwa. Mgonjwa atakaa katika chumba cha wagonjwa mahututi, na mfupa utahitaji wiki 6 hadi 8 kuunga, muda ambao hatabeba mizigo wala kusukuma mkokoteni. Ni bei kubwa kulipa kwa ajili ya kipande cha chuma. Hata hivyo njia hii ina faida ambayo katheta haina: daktari huona kwa macho, na huziba jeraha la moyo, la valvu au la mshipa kwa safari moja. Mtu ambaye kifua chake lazima kifunguliwe kwa ajili ya kuvuja damu hana sababu ya kupewa katheta baadaye. Risasi itolewe hapo hapo, ikiwa hali yake inaruhusu.

Tahadhari moja inazihusu njia zote mbili, nayo ni ya kuulizia bila aibu. Picha ipigwe tena mgonjwa akiwa tayari mezani, kabla ya kisu au katheta. Risasi iliyo huru ndani ya vena huhama mgonjwa anapogeuzwa ubavu, anapoinuliwa miguu, au anapohamishwa kutoka kitanda kimoja hadi kingine. Kupasua kwa kutegemea picha ya jana ni kuhatarisha kufungua mahali patupu.

Kama ningelazimika kuchagua kwa ajili ya ndugu yangu mwenye risasi inayoelea katika ventrikali ya kulia na asiye na jeraha jingine la moyo, ningechagua katheta, lakini ndani ya hospitali ambayo madaktari wa kupasua kifua wako tayari jengo lilo hilo. Katheta bila kikosi hicho nyuma yake ningeikataa. Tena ni vyema kukumbuka kwamba hospitali yenye njia moja tu huelekea kuishauri njia hiyo, na si lazima kwa nia mbaya.

Kuchagua hospitali Nairobi

Majeruhi wengi wa Eastlands hufikishwa kwanza katika hospitali ya kaunti iliyo karibu, kama vile Mama Lucy Kibaki, na ile ya Mbagathi hupokea wa upande wa pili wa jiji. Hapo ndipo damu inayovuja inapopaswa kuzuiwa na picha za kwanza kupigwa. Rufaa ya kawaida ni Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, ambako kuna madaktari bingwa wa upasuaji wa kifua na moyo; kwa upande wa binafsi, Aga Khan, Nairobi Hospital na Mater zinajulikana kwa huduma za moyo.

Uchaguzi kati ya hizo uongozwe na upande wa risasi. Mguu ukiwa wa baridi, hakuna wakati wa kulinganisha bei wala wa kuitisha kikao cha familia: nendeni mahali pa karibu penye daktari wa mishipa na chumba cha upasuaji kilicho wazi saa hiyo, na mtu apige simu kuhakikisha kabla gari la wagonjwa halijaondoka, kwa sababu saa 2 zilizopotea kwenye foleni ya Jogoo Road ni theluthi ya muda wa mguu huo. Risasi ikiwa katika vena na mgonjwa ametulia, mambo ni tofauti. Siku moja ya kutafuta hospitali yenye katheta na upasuaji wa kifua pamoja haiwi siku iliyopotea, mradi mgonjwa alazwe akiangaliwa mapigo ya moyo, asisogezwesogezwe ovyo, na asafiri na picha zake zenyewe, si maelezo ya picha peke yake.

Kuhusu fedha, Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inasema kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura, na jamaa wana haki ya kuitaja wanapoombwa amana kabla mgonjwa hajaguswa. SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali iliyoichukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, ina hazina iliyotengewa dharura na magonjwa mahututi. Ni vizuri mmoja wa jamaa aende kwenye dawati lake hospitalini mapema, mwingine akibaki na mgonjwa. Katika hospitali ya binafsi mnaweza kuipata nafasi upesi lakini bili ikawashinda katikati. Katika ya umma bili itakuwa ndogo lakini nafasi ya mashine au ya kitanda cha mahututi ikachelewa. Kwa risasi ya vena isiyo na dalili, kungoja siku chache huvumilika, na kwa hiyo sioni haja ya familia kuuza shamba ili wakwepe foleni.

Limebaki suala la polisi. Risasi iliyotolewa mwilini ni ushahidi, na mikwaruzo iliyo juu yake huweza kuonyesha ilitoka katika bunduki gani. Kwa hiyo inapasa kushikwa kwa koleo zilizofunikwa mpira inapowezekana, iwekwe katika chombo chenye jina la mgonjwa, tarehe na saa, na ikabidhiwe kwa sahihi ya anayetoa na anayepokea. Fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari huandika majeraha, nayo ijazwe. Ikiwa anayetuhumiwa kupiga ni afisa wa polisi, malalamiko hupelekwa IPOA, mamlaka huru ya kuwasimamia polisi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, na nakala ya hati ya makabidhiano ibaki kwa familia. Lakini ushahidi si sababu ya kitiba. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inataka mgonjwa aelezwe na akubali, na nchini Marekani Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1985, katika kesi ya Winston dhidi ya Lee, kwamba mtuhumiwa hangelazimishwa kupasuliwa ili risasi iliyokuwa mwilini mwake iwe ushahidi. Punje iliyokwama salama katika pafu haipati kuwa hatari kwa sababu mpelelezi anaihitaji. Eksirei iliyohifadhiwa vizuri na maelezo ya daktari pia hupokelewa kama ushahidi.

Anayeruhusiwa kwenda nyumbani na risasi ndani aondoke na barua inayotaja mahali ilipo, upana wake kwa milimita, na aina ya chuma ikiwa inajulikana, pamoja na nakala ya picha ya mwisho. Barua hiyo aionyeshe kabla ya kipimo chochote cha MRI, kwa kuwa sumaku ya mashine hiyo huweza kuvuta vipande vyenye chuma cha pua au chuma cha kawaida, ingawa risasi ya madini ya risasi iliyofunikwa kwa shaba haivutwi. Picha ya kwanza ya ufuatiliaji ipangiwe tarehe kabla hajatoka wodini, na ipigwe kwa mkao ule ule wa ile ya mwisho, ili atakayezilinganisha aweze kusema bila kubahatisha kama risasi imesogea.